Naomba ushauri: helmeti na mavazi ya kwendea kazini kwa baiskeli

Habari zenu wapendwa. Nimeanza kwenda kazini kwa baiskeli, na mambo mawili yananisumbua.

La kwanza ni helmeti. Nimesuka nywele, na nikizibana kwa nyuma helmeti inapanda, paji la uso linabaki wazi. Najua inatakiwa ikae kama vidole viwili juu ya nyusi na mikanda ikutane chini kidogo ya sikio, lakini kwangu haikai hivyo. Nisuke mtindo gani, au nitafute saizi kubwa zaidi? Kuendesha bila helmeti sitaki kabisa. Halafu hii niliyonayo iliwahi kuanguka sakafuni kwa kishindo. Kwa macho haina ufa, ila povu la ndani likishabonyea halirudi kama zamani. Niibadilishe?

La pili ni sketi. Juzi pindo liliingia kwenye cheni, nikaponea chupuchupu kuanguka mbele ya gari. Bado natetemeka nikikumbuka. Mnaovaa sketi ndefu au gauni, mnalifunga vipi pindo? Au mnavaa suruali na kubadilisha mkifika?

Jioni narudi giza limeshaingia na koti langu ni jeusi. Taa ninazo, mbele na nyuma. Niongeze na kizibao cha kuakisi mwanga?