Nimekutana na VJ, nikamjua kwa sauti tu

Mtoto wa Kambi (Jinja):
Habari za jioni wandugu. Nina swali, ila kwanza nieleze yaliyonikuta Jumamosi, la sivyo mtaniona mshamba.

Nilikuwa Kampala, Wandegeya, kwa kijana mmoja wa chapati karibu na steji ya boda. Nangoja kikomando changu, chapati iliyokatwakatwa na maharage. Nyuma yangu mtu akasema kwa Kiganda, taratibu kabisa, aongezewe maharage lakini mchuzi usizidi. Basi, ni hayo tu. Mwili ukanisisimka! Sauti hiyo nimeishi nayo tangu nina miaka tisa. Ni ya VJ, mtu anayetafsiri filamu kwa sauti huku inaonyeshwa; ndiyo iliyokuwa ikitutafsiria filamu za Wachina na za makomandoo wa Marekani kwenye kibanda kilichokuwa nyuma ya kambi yetu. Shilingi mia mbili mlangoni, benchi la mbao, madirisha yamezibwa kwa magunia, jenereta likizima wote tunapiga mluzi.

Nikageuka. Mzee mfupi, shati la mikono mirefu, mkononi ana mkate na paketi ya koili za mbu. Uso huo ningepishana nao mara mia pale Teksi Paki nisiujue.

Jina lake silitaji. Alikuwa anakula, aachwe ale.

Sasa swali lenyewe. Toka siku hiyo nimejaribu kuangalia filamu kavu, bila VJ, kwenye simu. Zinanipwaya. Mtu anafukuzwa dakika tatu nzima, hakuna wa kuniambia kwamba yule aliyejibanza nyuma ya mlango ni shemeji yake aliyekula mahari. Najua shemeji mwenyewe hayumo, ni VJ aliyemchomeka. Lakini nikimtoa, naona watu wanakimbia tu bila sababu. Ni mimi niliyeharibika, au hata nyie? Na nani amewahi kumkuta VJ au mwanamuziki akawa siye kabisa aliyemdhania?

Dada wa Mpakani (Busia):
Hujaharibika kaka. Sisi huku ndio tumeharibika mara mbili. Ng'ambo ya Kenya zinakuja za DJ Afro, kwa Kiswahili chake, upande wetu zipo za VJ Jingo na wenzake kwa Kiganda. Kaka yangu anakodisha diski, kwa hiyo filamu moja nimeiona kwa midomo miwili. Kwa mmoja yule jambazi anadai deni lake, kwa mwingine amenyang'anywa shamba. Nilikaa nikawaza, kwani mwenye filamu mwenyewe alisema nini? Mpaka leo sijajua, wala sijali. Mimi nilikuwa upande wa mwenye shamba.

Kinachoniuma ni kwamba Baraza la Mawaziri lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022, kifundishwe hadi shule za msingi, na mwanamuziki wetu Chameleone alikuwa akituimbia kwa Kiswahili tangu enzi zake za Nairobi. Ila VJ wa Kiswahili upande huu sijakutana naye hata mmoja. Mama yangu Kiganda hakimwingii, anabaki kununua za DJ Afro.

Macho Makavu:
Mimi napinga. VJ ni mtu aliyekaa mbele yako sinemani akiongea na jirani yake, tofauti ni kwamba huyu analipwa. Mwigizaji kafanya kazi ya sauti halafu mtu anamfunika na kipaza sauti. Mwigizaji Mmarekani Forest Whitaker, ili aigize Idi Amin Dada kwenye The Last King of Scotland, alijifunza Kiswahili na kupiga kodiani, akaja kupigiwa picha hapa hapa Uganda, na mwaka 2007 akaondoka na Oscar. Na huyo naye umwekee mtu wa kusema "sasa Dada amekasirika"?

Mkazi wa Wakaliga:
Macho Makavu, umepiga hodi mlangoni kwetu. Ile filamu ya Captain Alex ya 2010, ya Nabwana I.G.G., mtengeneza filamu wa hapa Wakaliga, imezunguka dunia nzima na sauti ya VJ Emmie juu yake. Unajua kwa nini? Nakala isiyo na VJ haipo tena. Nabwana aliifuta kwenye kompyuta ili apate nafasi ya kazi nyingine, ikabaki ile ya kibandani. Kwa hiyo hiyo unayoita makelele ndiyo filamu yenyewe. Wazungu wanaicheka pale pale tunapoichekea sisi, maana Emmie anawachokoza kwa Kiingereza.

Macho Makavu:
Hiyo nakupa. Moja.

Mtoto wa Kambi (Jinja):
Kuhusu Whitaker: filamu ile niliiangalia na mzee wangu. Ni mwanajeshi mstaafu, na enzi za Amin alikuwa mtoto, akiisikia sauti hiyo redioni. Kwenye hotuba alifumba macho, akasikiliza, akafumbua. Akasema: "Sauti wamekaribia. Viatu, hapana." Hakuongeza neno. Tulipofika mwisho bado anaangalia miguu ya watu.

Nangoja Jibu:
Mnazunguka. Ulimwambia nini huyo VJ?

Mtoto wa Kambi (Jinja):
Aibu tupu. Nilimwambia, "Mzee, wewe ndiye uliyenifundisha Kiganda," maana nyumbani kwetu ilikuwa Kiswahili cha kambini tu. Akatabasamu, akajibu kwa sauti ya chini kama mgonjwa. Nikamwomba aseme maneno mawili matatu kama kazini. Akakataa. Akasema usiku ule ana filamu tatu za kumaliza, na koo ndilo jembe lake, halimwagwi barabarani. Akawa anapuliza chai ya tangawizi na kunywa kidogo kidogo, kijiko cha kikomando kwa mkono wa pili. Nikajiambia basi, imetosha, nimemsumbua.

Halafu akaenda kwa watu wa boda. Akauliza bei hadi Bwaise. Kijana, bila hata kumtazama, akasema elfu tano.

"ELFU TANO?"

Wandugu, ilikuwa ILE. Ile ya jambazi akichomoa bastola. Kijana wa chapati aliganda na chapati mkononi, dada mmoja aliyevaa gauni la kazini akacheka mpaka akashika ukuta, na yule wa boda akazima pikipiki, akageuka, kinywa wazi. Yeye alikuwa ameshapanda, mkate kifuani. Akarudi kwenye sauti yake ndogo: "Elfu mbili. Twende, nimechelewa."

Wakaenda.

Dada wa Mpakani (Busia):
Nimemsikia hadi huku.

Macho Makavu:
Lakini elfu tano Wandegeya hadi Bwaise ni wizi, hapo VJ hakutia chumvi.