Familia za mitaani Nairobi: tuwazoe, tuwalishe au tuwatafutie vyumba?

Ndugu zangu, naileta hoja hii hapa kwa sababu imetugawa sisi wenyewe. Tuko kikundi cha majirani wa Eastlands. Kila Jumapili jioni tunapika na kuwapelekea chakula familia zinazolala barabarani. Baadhi yetu wanasema tuendelee kupika tu. Wengine wanasema tunawazoesha watu barabara, afadhali kaunti iwazoe wote na kuwapeleka kwenye vituo vya kurekebishia tabia. Mimi nasema kuwazoa ni dhuluma, na chakula peke yake hakitoshi. Tuwatafutie vyumba, na kazi hiyo tuifanye kwa muungano mmoja, si kila kanisa na kila msikiti kivyake.

Sensa ya familia za mitaani ya 2018 ilihesabu watu 46,639 nchini Kenya, na 15,337 kati yao walikuwa Nairobi. Hao wa Nairobi hawajazi hata nusu ya viti vya uwanja wa Kasarani. Kwa hiyo anayesema jambo hili halina mwisho, mimi simwelewi.

Kuwazoa tumeshajaribu. Mwaka 2003 serikali mpya ya NARC, muungano wa vyama uliomwingiza Rais Mwai Kibaki, iliwaondoa vijana mitaani, baadhi yao wakapelekwa Huduma ya Vijana kwa Taifa (NYS), na mwaka huohuo ukaundwa mfuko wa kuzisaidia familia za mitaani. Wapo waliopata ufundi, sikatai. Lakini mafunzo yana siku ya mwisho, na siku hiyo kijana anaulizwa swali lilelile: leo utalala wapi? Halafu kuna suala la haki. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa maoni Desemba 2020 kwamba sheria za uzururaji zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika. Kukosa nyumba si kosa la jinai, na askari wa kanjo, yaani wa kaunti, hana sababu ya kumkokota mama na mtoto mgongoni kana kwamba wameiba.

Sasa niseme yaliyotupata sisi. Kuna mama mmoja wa watoto wawili tuliyemzoea kwa miaka. Tulichanga tukamkodishia chumba cha mabati Mathare, shilingi 3,000 kwa mwezi. Wiki za mwanzo alikuwa akilala na viatu miguuni, tayari kukimbia. Mwezi wa pili alianza kuamka alfajiri kwenda kuokota chupa za plastiki, akirudi anakuta vitu vyake vipo, na mkubwa wa watoto akaanza shule. Mwezi wa nne mchango wetu ulikauka. Mwenye nyumba akatia kufuli, mama akarudi barabarani. Wapinzani wa hoja yangu hupenda mfano huu: mnaona, alirudi! Ndiyo, alirudi, lakini hakuuza godoro wala hakulewa kodi. Sisi ndio tuliomwangusha. Na kilichoniuma zaidi tulikijua baadaye: vikundi vingine viwili vilikuwa vinamsaidia mama huyohuyo, kimoja sare za shule, kingine matibabu. Hakuna aliyejua habari za mwenzake. Tungekaa meza moja, kodi ya mwaka mzima ingepatikana.

Ndiyo maana naitazama Houston, kule Texas, Marekani. Mwaka 2011 mji ule ulikuwa na maelfu ya watu wasio na makao. Mashirika zaidi ya 100, pamoja na serikali za mitaa, yalikubaliana kufanya kazi kama muungano: orodha moja ya wahitaji, kila shirika na jukumu lake, na mtu anapewa nyumba kwanza, matibabu na kazi vifuate akiwa tayari ana mlango wa kufunga. Tangu 2012 wamewaingiza kwenye nyumba watu zaidi ya 25,000, na idadi ya wasio na makao ikapungua kwa zaidi ya nusu. Wana fedha za serikali kuu ambazo sisi hatuna, hilo ni kweli. Lakini orodha moja haihitaji dola. Inahitaji viongozi wetu wa makanisa, misikiti na vikundi wakubali kuweka daftari zao pamoja, na hapo ndipo tunaposhindwa, kwa sababu kila mmoja anataka picha yake akigawa mkate.

Hoja nzito kuliko zote niliisikia kwa dada mmoja katika kikundi chetu. Anafua nguo za watu, kodi anaitafuta kwa jasho, anauliza kwa nini chokoraa alipiwe na yeye asilipiwe. Swali lake ni la haki kabisa. Jibu langu ni kwamba wote wawili wamesahauliwa na mpango uleule. Sheria ya Nyumba za Gharama Nafuu ya 2024 inakata asilimia 1.5 ya mshahara, mwajiri naye anatoa kiasi hichohicho, na sheria hiyo inazitaja nyumba za kijamii kwa wenye kipato chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi. Lakini mama asiye na kitambulisho wala akiba ya malipo ya kwanza atazifikiaje? Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya makao ya kufaa. Sehemu ya tozo hiyo ilipie kodi ya vyumba vya kawaida mitaani, kwa mfuaji nguo na kwa mama wa barabarani pia, ghorofa zikiendelea kujengwa.

Nyinyi mnaofanya kazi na familia hizi Mombasa, Kisumu na Eldoret, mlianza na chumba, kazi au shule, na ilikuwaje? Na nyinyi wenye ploti, tuambieni bila kuficha: mngetaka dhamana gani ili mumpangishe mtu anayetoka barabarani?