Kope zimenifunika macho, kofia imenishinda. Nani kafanyiwa upasuaji?

Mshonakofia wa Wete

Assalaam alaykum ndugu zangu. Niko Wete, umri wangu 58, na kazi yangu tangu usichana ni kushona kofia za viua. Kofia moja ya maana hunichukua miezi miwili mpaka mitatu, kwani kila kijitundu lazima kizungushiwe uzi mpaka kikae sawasawa. Hii niliyonayo sasa ni ya mjukuu wangu anayetaka kuoa. Niliianza kabla ya Ramadhani na mpaka leo iko nusu.

Tatizo si nuru ya macho. Miaka miwili nyuma nilitolewa mtoto wa jicho upande wa kushoto, na alhamdulillahi nikaona vizuri. Baada ya miezi michache kope ya jicho lile lile ikaanza kushuka, na sasa ya kulia inaifuata. Ya kushoto imeshafika kwenye mboni. Nikitaka kumtazama mtu lazima ninyanyue kidevu kama anayetafuta madafu juu ya mnazi. Nikishona inanibidi niishike kope kwa kidole, na hapo kofia nitaishika na nini? Ikifika alasiri kipaji kinaniuma kwa kunyanyua nyusi kutwa nzima. Nimejaribu kuibana kwa plasta, ngozi ikachubuka.

Na watu wanadhani nina usingizi. Juzi kwenye hitima ya jirani, nimeshika juzuu nasoma, kijana mmoja akanambia, "Bibi, nenda kapumzike ndani." Alikusudia wema, lakini nilirudi nyumbani nikalia.

Mwanangu aliyeko Dar ananambia kuna upasuaji wa kunyanyua kope. Mume wangu hakatai. Dada yangu mkubwa ndiye asiyetaka hata kusikia: anasema huko ni kubadilisha maumbile, na kisu karibu na jicho si mchezo. Naomba nisikie kwa aliyefanyiwa mwenyewe. Mtu hulazwa? Hukihisi kisu? Na udhu na sala huwaje?

Mwalimu Mstaafu, Unguja

Waalaykum salaam dada yangu, pole sana. Nimefanyiwa macho yote mawili miaka mitatu iliyopita, nikiwa na miaka 61, kwa hiyo nitakwambia niliyoyapitia.

Mimi nilianza kwa kujigonga. Ule upeo wa juu ulikuwa umekatika kabisa: fremu ya mlango, tawi la mshelisheli nyuma ya nyumba, nilikuwa sivioni mpaka vinipige. Hospitali ya Mnazi Mmoja walinipima kwa rula ndogo. Wanakumulika tochi, halafu wanapima kutoka ule mwanga unaong'aa katikati ya mboni mpaka ukingo wa kope ya juu. Kawaida ni milimita 4 hadi 5, na mimi kushoto nilikuwa na 1. Kulia palikuwa na nafuu, nikasema basi nishughulikiwe upande mmoja tu. Daktari akainyanyua kope ya kushoto kwa kidole chake akanipa kioo nijitazame. Papo hapo ile ya kulia ikashuka! Kumbe zile kope mbili hupokea amri moja kutoka kwenye ubongo. Ile mbovu ilikuwa inaifanya nzima ijikaze, na ukiiinua mbovu, ile nyengine hulegea. Ndiyo maana tukafanya zote. Umesema ya kulia inaifuata ya kushoto, basi usikubali ishikwe moja kabla hujafanyiwa jaribio hilo.

Nilifanyiwa Dar, hospitali ya CCBRT, na sikulazwa. Nusu kaputi hakuna, ni ganzi tu. Sindano ya ganzi inachoma kweli, sikufichi, inachoma kama nyigu, lakini baada ya hapo nilihisi kuvutwavutwa tu. Unatakiwa uwe macho, kwani katikati ya kazi daktari anakwambia fumbua, tazama juu, tazama mbele, kisha unakalishwa alinganishe kope mbili kabla hajafunga uzi. Mtu aliyelala fofofo hawezi kupimiwa hivyo. Mkato umepita kwenye ule mkunjo wa kope wenyewe, leo huuoni mpaka nikuoneshe.

Siku tatu za mwanzo usijitazame kwenye kioo. Mimi nilivimba na kuwa mweusi kama niliyepigwa ngumi. Barafu ndani ya kitambaa safi, dakika 10 kisha unapumzika, siku mbili mfululizo. Kulala, mito miwili. Nyuzi zikatolewa siku ya saba.

Sasa ambayo hayakwenda vizuri. Kope yangu ya kulia imebaki chini kidogo kuliko ya kushoto. Niliambiwa nisubiri uvimbe wote uishe, kisha nikitaka itarekebishwa. Sikutaka, naona vyema na hiyo inanitosha. Kubwa zaidi ni ukavu. Wiki tatu jicho la kushoto lilikuwa halifumbi sawasawa nikilala, nikawa natiwa marhamu kila usiku, na matone ya kulainisha macho nimeyatumia miezi mingi. Ukiwa na macho makavu tangu hapo, mwambie daktari kabla, maana kope ikinyanyuliwa kupita kiasi jicho hubaki wazi na kioo cha jicho huumia. Kwenye boti vaa miwani, ule upepo wa chumvi si wa kupimana nao.

Kama unatumia aspirini au dawa yoyote ya kulainisha damu, itaje. Usiiache kwa hiari yako. Aliyeniandikia mimi ndiye aliyeamua lini nisimame na lini nianze tena.

Kuhusu sala, nilikatazwa kuinamisha kichwa siku za mwanzo, nikasali juu ya kiti kwa ishara. Kwenye udhu nilipangusa juu ya bandeji, zilizobaki nikaosha kama kawaida. Na hilo la maumbile nilimuuliza sheikh wa msikiti wetu. Akanambia anayetibiwa kiungo kirudi kwenye kazi yake si sawa na anayejichonga apendeze. Mwambie dada yako, kwa heshima, kwamba ulipotolewa mtoto wa jicho hakulalamika, na hii ni tiba vilevile.

Nesi wa Macho

Shikamoo bibi. Mimi ni muuguzi wa macho hapa Unguja. Mwalimu ameeleza vizuri, naongeza moja: sababu ijulikane kwanza, kwa kuwa kope hazishuki kwa njia moja.

Ndani ya kope ya juu kuna msuli unaoinyanyua, na mwisho wake ni utando mwembamba ulioshikana na kope mfano wa upindo wa nguo. Umri huulegeza. Hata operesheni ya mtoto wa jicho huweza kuuachia, kwa sababu jicho huwekewa kichuma cha kulikodoa. Msuli unakuwa mzima, upindo ndio umefumuka, na wewe mshoni utanielewa: daktari huuvuta mbele akaushona upya.

Wengine ni ngozi tu imezidi ikaning'inia, hao hupunguzwa ngozi. Na wapo ambao neva na msuli haviwasiliani vizuri, maradhi yaitwayo miastenia gravisi. Huyo asubuhi kope iko juu, jioni imeanguka, anaona vitu viwili viwili, pengine hata kutafuna kunamchosha. Tiba yake huanza kwa dawa, si kwa kisu. Kliniki tunaweza kumwekea barafu juu ya kope iliyofumbwa kwa dakika 2, ikipanda wazi tunaanza kushuku.

Na kila anayesoma hapa ashike hili: kope ikianguka ghafla, pamoja na maumivu makali ya kichwa, au mboni moja imekuwa kubwa kuliko nyenzake, usingoje boti ya kesho. Nenda spitali saa ile ile.

Bibi, zako zinatofautiana asubuhi na jioni? Unaona vitu viwili?

Mshonakofia wa Wete

Marahaba mwanangu. Hapana, asubuhi na jioni ni zile zile, na vitu viwili sijaona. Ila nikitazama chini ndiyo balaa. Nikiinamia kofia kope ya kushoto inashuka inafunika kabisa, kuliko nikitazama mbele.

Nesi wa Macho

Hiyo ndiyo tabia ya upindo ulioachia, ndiyo maana sindano inakutesa kuliko kazi nyengine. Mwambie daktari maneno hayo hayo. Na omba upimwe upeo wa kuona mara mbili, kope zikiwa zimeachwa na kope zikiwa zimebandikwa juu, ili ushahidi uwepo kwenye faili kwamba ni tiba.

Baba wa Micheweni

Samahanini, nadandia. Mwanangu wa kiume ana miezi 14, kazaliwa na kope moja imeshuka. Tunaambiwa tungoje akue.

Nesi wa Macho

Usingoje kwa maneno ya watu, kaka. Kope ikifunika mboni ya mtoto, jicho lile halijifunzi kuona, na likishapitwa na umri hata ukinyanyua kope baadaye nuru hairudi yote. Apimwe wiki hii. Daktari akisema mboni iko wazi na anaona, hapo ndipo mnaweza kungoja, tena kwa kumpeleka kila baada ya muda atakaowapangia.

Mshonakofia wa Wete

Mwalimu, Mungu akulipe. Nimemsomea dada yangu yote, mpaka lile la mtoto wa jicho. Kanyamaza kimya, kisha akaniuliza nani atanipikia siku hizo za mito miwili. Basi ameshakubali. Jumatatu nateremka Chake kuanza vipimo. Nakuuliza moja tu: baada ya kutolewa nyuzi, ulikaa muda gani ndipo ukaweza kuinama ukasoma bila ya jicho kuvuta?

Mwalimu Mstaafu, Unguja

Kusoma kidogo kidogo, wiki ya pili. Kuinama muda mrefu kama kazi yako, mimi ilikuwa baada ya wiki sita ndipo nikasahau kwamba nina kope. Wanja usitie mpaka wakuruhusu. Na mwambie mjukuu arusi isogezwe.