Je, saa moja ya kuchemsha bia ya nyumbani ni ya lazima? Muda wa sufuria, uchungu na harufu

Mwana wa Lushoto (Denver) ameuliza:

Ndugu zangu wapishi wa bia ya nyumbani, salaam. Mimi na mdogo wangu wa kike anayeishi Houston tunapika bia moja kwa maelekezo yaleyale. Ni bia ya dhahabu ya mtindo wa Kimarekani, lita 20 zinazoingia kwenye pipa la kuchachushia, yenye uzito wa 1.050 (maji matupu ni 1.000) kwenye haidromita, kile kipimo cha ukolevu wa sukari, kabla ya kutiwa hamira. Maelekezo yanataka gramu 20 za hopsi (yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu) ya aina ya Magnum yenye asidi za alfa asilimia 13, zinazotiwa mara tu sufuria inapoanza kutokota, kisha gramu 30 za Cascade, yenye asilimia 6, dakika 15 kabla ya kuzima moto. Sote wawili tunachemsha kwa saa moja. Hopsi tunanunua kwa pamoja na kugawana, hamira ni ya aina moja, na joto la kuchachushia halipishani.

Hata hivyo bia yake ina uchungu ulionyooka unaobaki ulimini baada ya kumeza, ilhali yangu inaelemea utamu wa kimea na uchungu wake unapita haraka. Tumezionja zote mbili tukiwa meza moja, kwa hiyo si suala la kumbukumbu kunidanganya.

Nimefikiria kuongeza muda hadi dakika 90 ili nimfikie. Wakati huohuo nasoma watu wanaosema kwamba dakika 30 zinatosha kabisa na kwamba saa moja ni mazoea tu ya viwandani yaliyoingia jikoni. Naomba anayefahamu anieleze muda wa kuchemsha unafanya nini hasa katika uchungu na ladha, ili niamue kwa kuelewa badala ya kubahatisha.

Mzee wa Kimea (Nairobi) amejibu:

Ndugu, umeliuliza swali hili vizuri, kwa sababu umekwisha kuondoa karibu kila kitu kinachoweza kutofautisha bia hizo mbili, na kilichobaki ni mahali. Nitalifikia hilo, lakini kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo wapishi wengi huyachanganya: muda ambao maji ya kimea yanakaa motoni, na muda ambao hopsi inakaa ndani ya maji hayo. Kwa kawaida hopsi ya kwanza hutiwa mwanzoni, ndiyo maana muda huo wa aina mbili huonekana kama mmoja. Lakini kila mmoja una kazi yake, na unaweza kubadilisha mmoja bila kugusa mwingine.

Uchungu unatokana na muda wa hopsi. Asidi za alfa zilizomo kwenye hopsi haziyeyuki vizuri majini na zenyewe hazina uchungu mwingi. Joto ndilo linalozigeuza umbo zikawa asidi za iso-alfa, ambazo huyeyuka na ndizo tunazozisikia ulimini. Mageuzi hayo huenda kwa kasi mwanzoni, kisha hupungua kadiri asidi zilizobaki zinavyopungua. Kwa kanuni ya Glenn Tinseth, ambayo ndiyo inayotumiwa na programu nyingi za kukokotolea uchungu, gramu zako 20 za Magnum katika lita 20 zitakupa takriban IBU 30 (IBU ni kizio cha kupimia uchungu wa bia) kwa dakika 60. Kwa dakika 30 zitakupa 23, kwa dakika 15 zitakupa 15, na kwa dakika 5 zitakupa 6 tu. Sasa tazama upande wa pili: kwa dakika 90 utapata 32. Nusu saa nzima ya gesi imekuletea IBU 2, tofauti ambayo sidhani kama kuna ulimi utakaoitambua. Zaidi ya hayo, hata asidi za iso-alfa zenyewe huanza kuharibika zikikaa motoni muda mrefu. Kwa hiyo anayetaka uchungu zaidi aongeze hopsi, asiongeze saa.

Kwa hesabu hiyohiyo, wanaosema dakika 30 zinatosha hawajakosea kuhusu uchungu, mradi wafidie. Ukitia gramu 26 badala ya 20 utapata kwa nusu saa kile ambacho mwenzako anapata kwa saa nzima. Jambo jingine la kuangalia ni uzito wa maji ya kimea: yakiwa mazito zaidi, tuseme 1.080, hopsi ileile kwa muda uleule itakupa karibu robo pungufu.

Sasa nije kwenye Denver na Houston. Denver iko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hapo maji huchemka kwenye nyuzi joto 95 hivi za Selsiasi. Houston iko karibu na usawa wa bahari, na huko huchemka kwenye 100. Hapa Nairobi tuko juu zaidi yenu, karibu mita 1,800, na sufuria zetu haziendi mbali zaidi ya nyuzi 94. Tofauti ya nyuzi 5 inaonekana ndogo, lakini kasi ya asidi za alfa kugeuka hutegemea sana joto. Kwenye nyuzi 95 inabaki kama theluthi mbili ya ile ya nyuzi 100. Ukichukua saa nzima, pengo hilo hupungua kidogo kwa sababu upande wa Houston umekwisha kuanza kuishiwa asidi za kugeuza, lakini kwa makadirio yangu bado unapoteza kama robo ya uchungu anaoupata mdogo wako. Programu nyingi hukokotoa kana kwamba kila mpishi yuko pwani, usipoijaza mwenyewe sehemu ya mwinuko.

Ushauri wangu ni kwamba ubaki na saa yako moja, uongeze Magnum iwe gramu 26 au 27, kisha mwonje tena pamoja.

Binti Pangani (Bergen) amejibu:

Mzee wa Kimea amelieleza suala la hopsi vizuri, nami naomba kuongeza upande wa kimea, kwa sababu ndipo palipo na hatari ya kupunguza muda ovyo.

Kimea cha shayiri kina kiini kiitwacho kwa kifupi SMM, ambacho kikipata joto hugeuka kuwa DMS, yenye harufu ya mahindi ya kuchemsha au kabichi iliyopikwa kupita kiasi. Katika nyuzi 100, kila dakika 40 hivi zinapopita, nusu ya SMM iliyokuwa imebaki hugeuka. DMS yenyewe ni nyepesi mno, huwa mvuke kwenye nyuzi 37 tu, kwa hiyo ikishatoka inapeperuka pamoja na mvuke wa sufuria. Taabu iko kwa ile SMM ambayo haijageuka wakati unazima moto. Hiyo huendelea kugeuka maji yakiwa bado ya moto, lakini sasa hakuna tena mtokoto wa kuitoa nje, na harufu inabaki ndani ya bia yako. Ndiyo maana kupoza upesi kuna umuhimu wake mbali na ule wa kuzuia vijidudu.

Hapa aina ya kimea ndiyo inayoamua. Kimea cha Pilsner, kile cha rangi nyepesi sana, hukaushwa kwa joto la chini, hivyo hubaki na SMM nyingi, na wapishi wake wamezoea dakika 90. Kimea cha bia za Kiingereza hukaushwa kwa joto la juu zaidi, SMM nyingi huondokea kwenye tanuri, na dakika 60 au hata pungufu hazikuletei shida. Anayetumia kimea kilichokwisha kukolezwa kiwandani kikawa kama asali au unga anaweza kuchemsha dakika 30 bila wasiwasi wowote kuhusu DMS. Kwa wewe uliye Denver, kumbuka kwamba SMM nayo hugeuka polepole zaidi kwenye nyuzi 95. Kama bia yako ya dhahabu inatokana na kimea cha Pilsner, nisingekushauri ushuke chini ya saa moja, na hizo dakika 90 ulizozifikiria zina maana kwa sababu hiyo, si kwa sababu ya uchungu.

Ladha ya kimea pia hubadilika, na mimi nimeielewa vizuri zaidi baada ya kuja huku magharibi mwa Norwei, ambako pombe za mashambani bado zinapikwa kwa namna mbili zinazopingana. Huko Voss wapishi huchemsha maji ya kimea kwa saa 3 au 4. Sukari na protini hukutana katika joto hilo refu, maji hupungua na kukolea, na bia hutoka na rangi ya kahawia iliyoingia wekundu, pamoja na ladha ya sukari iliyopikwa. Huko Hornindal, kaskazini kidogo, hawayachemshi kabisa: wanayachuja, wanayapoza, wanatia hamira. Bia yao ni ya ukungu, nzito mdomoni kwa sababu protini hazikuganda na kutulia chini, na ina ladha ya nafaka mbichi ambayo ukiionja mara moja hutaisahau. Pia haikai muda mrefu kabla ya kugeuka chachu. Ukizionja hizo mbili kwa jirani, unasikia kile ambacho muda wa moto unakifanya kwa kimea chenyewe, hopsi ukiiweka kando.

Kwa nusu saa dhidi ya saa moja, tofauti hiyo ya rangi na ladha ni ndogo sana katika bia ya dhahabu. Kinachoonekana zaidi ni kiasi cha maji. Sufuria ya nyumbani iliyo wazi hupoteza lita 3 au 4 kwa saa, kutegemea upana wake na ukali wa moto. Ukikata muda bila kupunguza maji ya mwanzo, utaishia na lita nyingi zenye uzito mdogo, na utadhani kimea ndicho kibaya. Pima kwa sufuria yako mwenyewe kwa maji matupu kabla ya siku ya kupika.

Mwana wa Lushoto (Denver) ameandika tena:

Shikamoo mzee, na asante sana dada. Kimea changu ni cha Kiingereza, kwa hiyo nimeelewa kwamba sina haja ya dakika 90. Nina mawili yaliyobaki. Kwanza, je, nikifunika sufuria kwa sehemu, joto halitapanda nikaikaribia Houston? Pili, harufu ya Cascade katika bia zetu zote mbili ni hafifu kuliko nilivyotarajia, ilhali bia za mtindo huohuo za dukani zinanukia balungi na maua waziwazi. Je, dakika 15 ni chache au ni nyingi?

Mzee wa Kimea (Nairobi) amejibu:

Marahaba, ndugu yangu. Kifuniko hakipandishi kiwango cha kuchemka, kwa sababu kinachokishusha ni uzito mdogo wa hewa iliyo juu yenu, na kifuniko cha kawaida hakiongezi kitu hapo. Kitakusaidia kufikia mtokoto upesi, kisha kiondoe, la sivyo mvuke wenye DMS utageuka matone na kurudi sufuriani. Wala usishawishike kutumia sufuria ya shinikizo. Majani ya hopsi yanaweza kuziba tundu la mvuke, na hiyo ni hatari ya kweli jikoni.

Kuhusu Cascade, dakika 15 ni nyingi kwa harufu na chache kwa uchungu, na ndiyo sababu siipendi nafasi hiyo. Mafuta yanayobeba harufu hupotea na mvuke. Mirsini, ambayo ndiyo nyingi katika Cascade, huondoka upesi sana kwenye mtokoto, na linaloli, yenye ile harufu ya maua, huifuata. Kile kinachoijenga bia upande wa uchungu ndicho kinachoibomoa upande wa harufu, kwa hiyo hopsi moja isibebeshwe kazi zote mbili.

Fanya hivi. Zima moto, poza maji ya kimea hadi nyuzi 80 hivi, ndipo utie Cascade yote, koroga, funika, na uache dakika 20 kabla ya kumalizia kupoza. Kwa joto hilo asidi za alfa hugeuka polepole sana, na mafuta mengi hubaki. Dada yetu amekuonya kuhusu SMM, lakini kwa kimea chako cha Kiingereza dakika hizo 20 hazina madhara, tofauti na ambavyo zingekuwa kwa Pilsner. Cascade uliyokuwa ukiitia dakika 15 ilikuwa ikikupa takriban IBU 10 kwa hesabu ya pwani, nawe utazipoteza karibu zote, kwa hiyo zifidie kwa Magnum mwanzoni. Kwa Denver ningefikia gramu 32.

Mdogo wako anaweza kufanya vivyo hivyo, ila kwake gramu 25 za Magnum zitatosha. Na kama baada ya hapo bado bia zenu zinapishana, mtakachokuwa hamjakisawazisha ni maji ya bomba ya miji yenu. Salfeti nyingi huufanya uchungu uwe mkavu na mkali zaidi, na kloridi huuzungusha kuelekea utamu wa kimea, bila IBU kubadilika hata moja. Pikeni mara moja kwa maji yaliyosafishwa, kila mmoja akitia chumvi zilezile kwa vipimo vilevile. Ukirudi kutuandikia, tuwekee uzito wa kabla na baada ya kuchemsha pamoja na lita zilizobaki, maana bila hizo tarakimu tatu hatutajua kama maji yako yalikolea kiasi kilekile na ya Houston.