MREJESHO: Ndege ya rimoti iliyovunjika bawa imeruka tena

Wakuu, ni ile ndege yangu ya foamu iliyoangukia shamba la mahindi huku Moshi: pua imebonyea, bawa la kushoto limekatika, betri imevimba. Niliuliza hapa jinsi ya kuitengeneza; asanteni wote mliochangia ushauri.

Aliyesema niimwagie pua maji ya moto, ubarikiwe sana. Foamu ilifura taratibu huku naiangalia, mikunjo ikafutika karibu yote, vikabaki vipelevipele tu. Bawa nimeliunga kwa epoksi, ndani nimezamisha vijiti vya mishikaki. Gundi iliongeza uzito mbele, nikasogeza betri nyuma hadi ndege ikatulia juu ya vidole viwili nilivyoweka chini ya mabawa, kama robo ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele.

Kilichogoma ni servo ya mkia (kile kimota kinachogeuza usukani wa mkia). Meno ya plastiki yamesagika, hakuna dawa, nimenunua nyingine. Ile betri iliyovimba nayo nimeiacha kabisa, wala sijaichaji. (Mkuu uliyesema niitoboe itoe hewa, hiyo ni betri ya litiamu, ingewaka ikaniunguzia nyumba!)

Inaruka, ila inavuta kushoto, nimeirekebisha kwa trimu (vile vitufe vya rimoti vya kusawazisha usukani kidogo kidogo). Nadhani bawa limejipinda kidogo. Mwenye mbinu ya kulinyoosha, bado nipo hapa.