Supamaketi za bei chee zinatosha kwa manunuzi ya wiki ya familia? Naombeni ushauri

Kapu la Wiki
Wakuu, habari za muda huu. Huu uzi nimeuandika na kuufuta mara kadhaa, leo nimeamua liwalo na liwe.

Sisi ni familia ya watu sita: baba, mama na watoto wanne. Manunuzi ya wiki nafanya mimi. Zamani nilikuwa naenda supamaketi kubwa yenye kila kitu. Siku hizi nimehamia hizi za bei chee, zile bidhaa zinakaa kwenye maboksi yaliyochanwa juu na chapa zake hujawahi kuzisikia. Risiti imepungua, tena sana.

Swali langu: vitu hivi ni vya kulisha familia kila wiki, au naokoa hela leo nije kuilipa kesho kwa daktari? Mafuta, maziwa, sabuni, kahawa, biskuti za watoto, vyote nanunua huko. Usiku nalala nikiwaza. Naomba ushauri wa watu wazima, matusi hapana. Natanguliza shukrani.

Kijogoo Mstaafu
Wa kwanza! Naweka kiti hapa, atakayepita na karanga aniletee.

Mzee wa Stoo
Binti, nimekula ujana wangu kwenye maghala ya vyakula, kwa hiyo nisikilize mimi. Watu wakiona bei ndogo wanadhani chakula ni kibovu. Bei inashuka kwa sababu ya namna duka linavyoendeshwa.

Anza na Aldi, moja ya supamaketi hizo za bei chee. Karl na Theo Albrecht walirithi kiduka cha mama yao kule Essen, Ujerumani, baada ya Vita vya Pili vya Dunia wakakikuza. Aldi ni Albrecht na Diskont, yaani punguzo la bei, vimeunganishwa. Walichofanya ni kubana idadi ya bidhaa. Supamaketi kubwa ina makumi ya maelfu ya bidhaa, wao wanacheza na kama 2,000. Unga wa aina mbili badala ya kumi na mbili. Sasa mtu anayenunua aina moja kwa mzigo mkubwa namna hiyo akikaa mezani na mwenye kiwanda, nani atamshushia nani bei?

Halafu hakuna anayelipwa kupanga kopo moja moja kwenye rafu, boksi linachanwa na kuwekwa lilivyo. Toroli inataka sarafu ili uirudishe mwenyewe. Ile mistari myeusi ya kuskani wanaichapa kubwa au pande nyingi za pakiti ili keshia asipoteze muda kuigeuzageuza. Vitu vidogo hivyo vikijumlishwa ndiyo nafuu unayoiona kwenye risiti. Lala usingizi.

Bi Mkasi
Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi sitaki hadithi za Wajerumani. Kitu cha tumboni hakitafutiwi rahisi. Wanawake wa siku hizi mnapunguza kwenye chakula halafu kucha zimebandikwa.

Kapu la Wiki
Bi Mkasi, kucha zangu ni zangu za kuzaliwa.
Mzee wa Stoo asante, umenituliza kidogo.

Nahodha wa Nchi Kavu
Ushauri wangu ni mmoja tu: usikanyage ile njia ya katikati. Wenye uzoefu wananielewa. Huku na huku ni vyakula, pale katikati wamemwaga vitu vya wiki hiyo tu, wiki ijayo havipo. Niliagizwa maziwa, nikarudi na hema la kulala watu wanne, miwani ya kuogelea na mashine ya kuchomelea vyuma. Sijui kuchomelea. Mama watoto aliuliza maziwa yako wapi, nikagundua sikununua.

Kijogoo Mstaafu
Hema linauzwa, mkuu?

Nahodha wa Nchi Kavu
Njoo PM. Miwani siuzi.

Mama Pacha
Mimi pacha wangu walikunywa maziwa ya kopo ya chapa ya supamaketi ya bei chee na mawifi walinisema hadi nikachoka. Nilipofuatilia nikakuta Umoja wa Ulaya na Uingereza sheria inapanga maziwa ya mtoto mchanga lazima yawe na nini na kiasi gani, liwe kopo la bei mbaya au la bei chee. Pacha wangu sasa wananipita urefu. Wifi mmoja mpaka leo hajaomba radhi, tena harusini alinipita kama hanioni, na gauni lile nilimwazima mimi. Samahani, nimetoka nje ya mada.

Mpishi wa Zamu
Na msidanganyane kwamba "vyote vinatoka kiwanda kimoja". Wakati mwingine ni kweli, lakini kiwanda kimoja kinaweza kufuata mapishi mawili. Geuza pakiti usome viambato. Kwa kawaida vinapangwa kuanzia kilicho kizito kuliko vyote. Sosi ya nyanya ikianza na maji na nyingine ikianza na nyanya, hiyo ndiyo tofauti ya bei. Chumvi na sukari sina shida navyo, nanunua vya bei ya chini popote. Sosi, soseji, jibini, hapo nasoma kwanza.

Shangazi Hesabu
Wadogo zangu, mnasahau bei ya kila kilo au kila gramu 100, ile iliyoandikwa kwa herufi ndogo chini ya bei kubwa. Linganisha hiyo. Pakiti kubwa siyo rahisi kila mara, na pakiti ya bei chee nyingine imepunguzwa uzito kimyakimya. Na tarehe ziko mbili. "Tumia kabla ya" ni ya usalama, ikipita tupa. "Bora kabla ya" ni ya ladha, ikipita kidogo biskuti haitakuua.

Sasa nirudi kwako Kapu. Mtu hakosi usingizi kwa ajili ya sabuni. Baba watoto anasemaje?

Kapu la Wiki
Hana neno.

Shangazi Hesabu
Hana neno au hana habari?

Kapu la Wiki
Hana habari. Haya, nimesema.

Mume wangu ni mtu wa chapa. Kahawa ni moja tu, siriali ni moja tu, biskuti ni za mkebe ule ule. Alishatamka kwamba kwake haviingii vitu vya kutupwa. Lakini hela anayoacha ni ile ile na vitu vimepanda. Kwa hiyo nikirudi dukani namimina kwenye vyombo vya zamani. Kahawa ya bei chee naitia kwenye mkebe wa ile ya bei mbaya. Mafuta vilevile. Siriali vilevile. Na wiki hii kanywa kahawa akasema, "Unaona tofauti ya kitu bora?"

Msinihukumu. Nikimwambia ataongeza hela? Hataongeza. Atakula chakula kile kile kwa hasira.

Kijogoo Mstaafu
"Unaona tofauti ya kitu bora" 😂😂😂 Shemeji apewe maua yake.

Ustadh Kipenga
Dada yangu, hili si suala la supamaketi tena, ni amana. Mume anakula asichokijua ndani ya nyumba yake. Ndoa haijengwi kwa kumiminiana. Kaa naye baada ya chakula cha usiku, umweleze kwa upole.

Bi Mkasi
Na mimi nasema anayeacha hela ile ile wakati vitu vimepanda naye aitwe kwenye kikao. Tusimkalie mwanamke peke yake.

Kapu la Wiki
Bi Mkasi, leo wewe?

Simwamini Mtu
Naona wote mmekaa mnakunywa. Hii ni CHAI. Kwanza, mwanaume anayejua chapa ya kila kitu hajaona mkebe uleule umechakaa mfuniko na haujawahi kuisha? Pili, kila mkebe una tarehe. Ikipita, mtu wa chapa haioni? Tatu, angalieni uzi ulivyokwenda: swali, halafu mzee anatoa historia ya Aldi yote, kisha ushuhuda wa pacha. Hili ni tangazo la biashara limevaa dera.

Mzee wa Stoo
Kijana, tangazo la nani? Hata Lidl, wapinzani wa Aldi kutoka huko huko Ujerumani, sijaitaja. Kama ungetaka ningekwambia duka lao la kwanza lilifunguliwa Ludwigshafen mwaka 1973, na kwamba Uingereza Aldi waliingia 1990, Lidl 1994, na watu wakawacheka. Mwaka 2022 Aldi ikawa ya nne kwa ukubwa kule.

Simwamini Mtu
Si ndiyo hayo ninayosema? Mnalipwa kwa neno?

Nahodha wa Nchi Kavu
Kama wanalipa, hema langu ni ushahidi, niwekeni kwenye orodha.

Mpishi wa Zamu
Simwamini ana hoja kwenye tarehe. Kapu, tujibu hiyo.

Kijogoo Mstaafu
Mleta mada kakimbia. Chai imepoa.

Kapu la Wiki
Sijakimbia, nilikuwa nalaza watoto.

Tarehe nazikwangua kwa kisu. Nyingine zinafutika kwa mafuta ya nywele. Mkebe ukichakaa sana nanunua mmoja wa bei mbaya, tunautumia, kisha naanza upya. Kwa hiyo mkebe unaisha, na hana cha kushangaa.

Na anayesema natunga, mtu atunge uongo wa kujiaibisha hivi? Ningetunga ningejiweka mzuri. Kinachoninyima usingizi ni kitinda mimba wangu, ana aleji ya karanga. Nyumbani tuna sindano yake ya adrenalini. Zile biskuti za mkebe ndizo tulizozoea, tunajua hazina shida. Sasa ndani ya ule mkebe kuna biskuti nyingine. Mimi nazijua, nilisoma pakiti siku ya kwanza. Ndiyo nauliza, hizi bidhaa ni za kuaminika au sivyo?

Mama Pacha
Mungu wangu.

Shangazi Hesabu
Hilo ndilo ulitakiwa kuanza nalo, mdogo wangu.

Mpishi wa Zamu
Kapu, nakujibu taratibu. Duka la bei chee linabanwa na sheria ile ile ya lebo. Umoja wa Ulaya unataka vitu 14 vya aleji, karanga ikiwemo, vionekane wazi kwenye orodha ya viambato. Marekani ni 9 tangu ufuta uongezwe mwaka 2023. Kwa hiyo biskuti ya bei chee yenye lebo siiogopi hata kidogo. Ninayoiogopa ni ile isiyo na lebo, na wewe umeitengeneza jikoni kwako.

Umesoma pakiti siku ya kwanza. Chapa ya duka inaweza kuhama kiwanda na kava likabaki lile lile. Zile za majina makubwa nazo hubadilisha mapishi. Kwa mtoto wa aleji unasoma kila pakiti kila unaponunua. Na yale maneno "inaweza kuwa na chembe za karanga" kwa nchi nyingi ni hiari ya mtengenezaji, kwa hiyo yasipoandikwa bado hujahakikishiwa kitu. Ukiwa na shaka unawauliza wenye bidhaa.

Kapu la Wiki
Lakini mimi ndiye ninayempa. Hakuna mwingine anayegusa ule mkebe.

Shangazi Hesabu
Siku ukiumwa? Baba yake atasoma mkebe, maandishi yatamwambia hauna karanga, naye atampa mtoto kwa moyo mweupe. Dada wa kazi, bibi akija kutembea, mtoto wa jirani. Wote wataamini maandishi.

Kapu la Wiki
Tangu nianze hajapata hata kipele.

Mzee wa Stoo
Binti, ghalani kosa ambalo hakuna aliyelivumilia ni mzigo kuhamishwa boksi bila kuhamisha lebo. Ukiharibika, hujui urudishe upi. Bidhaa zikitangazwa kurudishwa dukani, wanataja chapa na namba ya toleo. Wewe utaangalia namba gani, ya mkebe wa mwaka juzi?

Simwamini Mtu
Mimi bado nasema chai, ila kama si chai, mama toa hizo biskuti leo.

Kijogoo Mstaafu
Karanga zangu nimezirudisha.

Kapu la Wiki
Nimewasikia. Mkebe wa biskuti nimeuosha, uko kabatini hauna kitu, na biskuti ziko kwenye pakiti yake. Siriali pia nimeirudisha kwenye mfuko wake. Mume akiuliza nitasema duka halikuwa na zile. Ustadh usianze, najua.

Kahawa na mafuta vinabaki kwenye mikebe yake. Hakuna mwenye aleji ya kahawa.

Mpishi wa Zamu
Mafuta ya nini?

Kapu la Wiki
Ya kupikia tu, ya kawaida.

Mpishi wa Zamu
Ya mbegu gani, dada? Mafuta ya kupikia mengine ni ya karanga. Nenda kasome chupa uliyonunulia.

Kapu la Wiki
Chupa nimeshaitupa. Ngoja niende kwenye pipa.

Nahodha wa Nchi Kavu
Tunasubiri.

Bi Mkasi
Kama hajarudi ndani ya nusu saa mwenye namba yake ampigie.

Kapu la Wiki
Ni alizeti. Nimeipiga picha lebo. Baba watoto kanikuta nimeinama pipani usiku huu, ananiuliza natafuta nini.

Ustadh Kipenga
Mwambie.

Kijogoo Mstaafu
Mwambie umepoteza hereni.

Shangazi Hesabu
Kijogoo, nyamaza. Kapu, anza na mtoto, kahawa iwe ya mwisho.