Nimemaliza InuYasha episodi zote 167 na sijaona mwisho, naombeni ushauri kuhusu Inuyasha, Kagome na Kikyo

binti_wa_Tanga

Habari za jioni wakuu. Naombeni msaada kwa mliomaliza hii kitu yote. Mimi na mdogo wangu yuko kidato cha tatu tumeiangalia InuYasha, ile anime (katuni ya Kijapani) ya Inuyasha chotara wa jini na Kagome, binti wa shule wa Tokyo anayepita kisimani kwenda Japani ya kale, kuanzia ya kwanza mpaka ya 167, jana usiku tumefika hapo tumebaki tunaangaliana, Naraku yule jini adui yao yupo hai, kito cha Shikon, kile cha nguvu za ajabu kilichovunjika vipande, hakijakamilika, Kohaku mdogo wake Sango mwenzao wa safari bado anaishi kwa nguvu ya kipande kimoja, na Inuyasha na Kagome wanaendelea na safari kama vile kesho kuna nyingine.

Sasa shida yangu ni mapenzi yao. Kikyo ni mpenzi wa zamani wa Inuyasha, alikufa akafufuliwa, na Kagome ndiye aliyezaliwa upya kwa roho yake. Yaani yale madude meupe marefu yanayombebea Kikyo roho yakipita tu angani usiku, Inuyasha anainuka anayafuata, Kagome anabaki pale kwenye moto na Shippo yule mtoto wa jini mbweha anajifanya hajaona. Asubuhi jamaa anarudi kainamisha kichwa. Hii imetokea mara nyingi mno mpaka mdogo wangu kasema Kagome ni spea tairi na yeye haendelei tena, eti kwanini mtu apendwe kwa sababu anafanana na marehemu. Kanikasirisha ila sikuwa na jibu.

Maswali yangu: Inuyasha anampenda Kagome kama Kagome au anamuona Kikyo ndani yake? Mwisho wao ukoje, unaridhisha au utatuumiza bure? Na hii Yashahime inayosemwa ya watoto wao tuiangalie au tuiache? Spoila ruksa, mimi huwa nafurahia kitu zaidi nikijua kinaelekea wapi. Asanteni.

mzee_wa_katuni

Karibu mdau. Hapo mlipofika sio mwisho, hapo ndipo ilipokatikia. Anime ilianza Oktoba 2000 ikasimama Septemba 2004, na wakati huo Rumiko Takahashi alikuwa bado anaichora manga yenyewe (kitabu cha katuni kilichozaa anime), aliianza 1996 akaimaliza Juni 2008, juzuu 56. Anime ilikuwa inakimbia kuliko manga ndio maana mle katikati mkaona episodi kibao za kujazia, kijiji hiki jini, kijiji kile jini, alafu hadithi kubwa haisogei. Ilivyofika 2004 wakasimama kabisa.

Kilichobaki kilitoka Oktoba 2009 mpaka Machi 2010, kinaitwa The Final Act, episodi 26, studio ni ileile Sunrise. Humo wamebana juzuu kama ishirini kwahiyo mwendo ni mkali, kitu ambacho huku mwanzo kingechukua episodi nne huko kinaisha ndani ya moja. Episodi ya 2 tu Kagura, yule jini wa upepo wa Naraku, anakufa. Msiangalie huku mnachati. Kwa ushauri wangu hilo la kuishia hapo liondoeni kichwani, mmeshapanda mlima wote.

mtetezi_wa_kikyo

Mimi naomba niongee kwa ajili ya Kikyo maana kila uzi wa InuYasha watu wanamfanya mchepuko na inaniuma kweli.

Huyu dada kabla ya yote alikuwa mlinzi wa kito. Hakuruhusiwa kuonyesha udhaifu, hakuruhusiwa kuishi kama mabinti wenzake, maana mlinzi wa kile kito akiteleza kidogo majini yote yanamrukia. Akakutana na Inuyasha, chotara asiyetakiwa na binadamu wala majini, wakaelewana kwasababu wote wawili walikuwa wapweke. Wakapanga kito kitumike kumfanya Inuyasha awe binadamu, kito kitoweke, na yeye awe mwanamke wa kawaida. Hicho tu ndicho alichokuwa anataka maishani!! Naraku akajibadilisha akavaa sura ya Inuyasha akamjeruhi Kikyo, akavaa sura ya Kikyo akamshambulia Inuyasha, Kikyo akampigilia mwenzake mshale kwenye mti akidhani kasalitiwa, akafa, wakauchoma mwili wake pamoja na kito.

Miaka 50 baadae anafufuliwa kwa mifupa na udongo bila hiari yake, hawezi hata kusimama bila roho za wafu. Na Inuyasha ndio anakuja kujua kwamba huyu binti alikufa akimchukia kwa kosa ambalo hakulifanya. Sasa mtu wa namna hiyo, akisikia mpenzi wake yuko msituni peke yake na Naraku anamtafuta ammalize, mnataka abaki anaota moto? Mimi ningemdharau kama asingeenda.

Mwambie mdogo wako afike Final Act episodi ya 8. Kikyo anaondoka humo, mikononi mwa Inuyasha, chini ya nyota, na kwa mara ya kwanza Inuyasha analia mbele za watu. Anamwambia ameshindwa kumuokoa, na Kikyo yeye anaridhika kwamba alikuja, na kwamba sasa amekuwa mwanamke wa kawaida. Kagome na wenzake wamesimama mbali kidogo hawasogei, nao machozi yanawatoka. Na ile nuru yake ya mwisho baadae ndio inayomuokoa Kohaku. Nimeirudia sana hiyo episodi na kila nikiirudia najisikia kwamba alitendewa haki.

naima_msa

Salaam alaykum dadangu, huyo mdogo wako mwambie arudi episodi ya 47 na 48 aziangalie kwa utulivu maana jibu lake liko huko na nyinyi mmeshapita.

Kagome anawaona Inuyasha na Kikyo pamoja, anarudi kwao Tokyo kupitia kisima, anakaa huko na nafsi yake. Anakubali kabisa kwamba ana wivu, kwamba anampenda Inuyasha, na kwamba yeye na Kikyo ni watu wawili, moyo wa Kikyo si moyo wake. Wakati huo Inuyasha nae ameshaamua kwamba Kikyo alimpa maisha yake na yeye lazima amlipe kwa maisha yake, na anakuja kumwambia Kagome wazi, hamdanganyi. Anamwambia pia kwamba kabla yake hakuwahi kumwamini mtu, na kwamba akiwa nae ndipo moyo wake hutulia. Ndipo Kagome, akijua yote hayo, anasema mimi nataka kuwa na wewe, naomba tu nikae karibu nawe. Halafu anamshika mkono wanarudi pamoja.

Sasa spea tairi huwa haijui kwamba ni spea. Huyu alijua kila kitu na njia ya kwao ilikuwa wazi, shule ipo, Hojo mwanafunzi mwenzake yupo anamletea zawadi za dawa kila siku, angeweza kukaa. Aliamua mwenyewe. Ndio maana mimi nampenda Kagome kuliko hata huyo Inuyasha.

Na hilo la kufanana na marehemu, kumbukeni Urasue, yule mchawi aliyemfufua Kikyo, alipomtoa Kagome roho akampa Kikyo, roho ile ilimtii Kagome ikarudi kwake, Kikyo akabakiwa na kipande tu kilichojaa chuki. Kuzaliwa upya ni kweli, lakini msichana mwenyewe ni mwengine, anacheka, anapiga kelele, anamwangusha jamaa chini kwa neno moja. Kikyo hakuwahi kuruhusiwa kuwa hivyo.

Halafu kabla ya hiyo episodi ya 8 kuna sehemu mlima Azusa, Kagome anafuata upinde wa kumuokoa Kikyo na roho ya mlima inamtokea kwa sura ya Kikyo, inamuuliza je unataka kweli huyu apone, hujawahi kutamani asiwepo? Kagome hajifanyi malaika, wivu anaujua anao, na bado anapanda kumuokoa. Pale ndipo mimi nilipoona mwandishi anajua anachofanya.

mzee_wa_katuni

Naima umemaliza. Mimi niongeze mwisho wenyewe maana mleta mada kauliza. Naraku akifa, kito kinamvuta Kagome ndani yake, giza tupu, hamna sauti. Kinamshawishi aombe kurudi nyumbani. Akiomba kwa ajili yake mwenyewe tu kwisha habari, atafungiwa humo milele apigane na roho ya Naraku na kito kiendelee kuishi. Inuyasha anapasua giza kumfuata na anampigia kelele asiombe chochote mpaka afike. Na binti anasubiri, peke yake, anaogopa, hafungui mdomo. Jamaa anafika, wanapigana busu, alafu ndio anakiambia kito kitoweke milele.

Hiyo kwangu ndio jibu la swali lako la kwanza, maana ile hila ya Naraku ya mwanzo ilifanikiwa kwasababu Kikyo na Inuyasha walipendana lakini kuaminiana kulikuwa bado. Hapa ni giza lilelile, hila ileile, na safari hii mtu kaaminiwa.

kaka_wa_ipagala

Wote mnasifia ila mimi mwisho ule uliniacha na donge. Kito kikitoweka kisima kinafungwa miaka mitatu, Kagome yuko kwao anamaliza shule, Inuyasha yuko kwao na Shippo anasema alikuwa anakwenda kisimani kila baada ya siku tatu. Sawa, nzuri. Alafu Kagome anamaliza shule, anaona mbingu ndani ya kisima, na mama yake kasimama nyuma yake. Mama haulizi mengi, ameshaelewa. Wanakumbatiana na binti wa miaka 18 anaruka anakwenda kuishi Japani ya mamia ya miaka nyuma, kusikokuwa na simu wala barua, mdogo wake Sota na babu yake hatawaona tena. Episodi inaendelea inatuonyesha wenzao wa safari Miroku na Sango na mapacha wao, Sesshomaru kaka yake Inuyasha anamletea kimono Rin, yule mtoto anayefuatana nae, furaha kila mahali, na mimi akili yangu imebaki kwa yule mama kule kisimani. Mimi ni mtoto wa mama mjane labda ndio maana. Nilitaka hata dakika mbili za huyo mama baada ya pale.

Sisemi asiende. Nasema gharama yake waliipitisha haraka sana.

naima_msa

@kaka_wa_ipagala hapo nakubaliana nawe kwa asilimia kubwa. Ila huku kwetu binti kuolewa mbali na mama kumshika mkono akampa ruhusa ni kitu tunakijua, na yule mama alikuwa amemlea miaka mitatu akimwona anakaa kisimani. Ameona mtoto wake anakauka. Lakini kweli dakika mbili zingetosha na hawakutupa.

dada_salome

Nijibu la Yashahime, ile anime ya watoto wao, maana hamna aliyeligusa. Ilianza Oktoba 2020 ikaisha Machi 2022, episodi 48 kwa awamu mbili, Takahashi alichora wahusika wakuu lakini hadithi sio manga yake. Inahusu Towa na Setsuna mapacha wa Sesshomaru, na Moroha mtoto wa Inuyasha na Kagome.

Kama mnakwenda kuwatafuta Inuyasha na Kagome, mtaumia. Wamefungiwa ndani ya lulu nyeusi tangu Moroha mchanga, mtoto anakua bila wazazi, ana miaka 14 anawinda majini kulipa deni, na mpaka hadithi imesogea sana ndipo anakutana nao. Baada ya kumsubiri Kagome miaka mitatu kisimani, watu wawili hawa walistahili kumlea mtoto wao, hilo mimi sijalisamehe. Alafu mama wa mapacha ni Rin. Rin huyuhuyu mnayemuona sasa anakimbiakimbia nyuma ya Sesshomaru na maua mkononi. Mashabiki waligawanyika vibaya juu ya hilo, mimi niko upande wa waliokataa, yule tulimuona akilelewa. Kwa mdogo wako wa kidato cha tatu ningekaa nae tuongee kabla.

Moroha mwenyewe lakini ni mtoto mzuri jamani, mchangamfu, jasiri, ana vitu vya baba na mama yake vyote. Ushauri wangu: malizeni Final Act, pumzikeni, Yashahime ichukulieni kama hadithi nyingine.

binti_wa_Tanga

Wakuu asanteni sana, nimemsomea mdogo wangu comment ya Naima yote na ya mtetezi wa Kikyo, kanyamaza alafu kaniuliza bando limebaki kiasi gani. Kesho tunaanza Final Act. Swali la mwisho, nimeona kuna muvi pia, mtu kaniambia kuna moja wanapigana busu, hizo zinaingia wapi? Tusije tukaharibu mpangilio.

mzee_wa_katuni

Muvi ziko nne, zilitoka mwaka mmoja mmoja kuanzia 2001 mpaka 2004, zote kabla ya Final Act na hamna hata moja iliyo kwenye manga, kwahiyo mkizikosa hampotei. Unayoulizia ni ya pili, ya 2002, ile ya kasri la ndani ya kioo. Inuyasha anageuka jini kamili anakaribia kupotea na Kagome kajeruhiwa anamfuata hivyohivyo, anamuomba abaki alivyo, anambusu mpaka anatulia. Iangalieni hiyo moja leo kabla ya kuanza, kama bando linaruhusu.

mtetezi_wa_kikyo

Na ukimaliza ya 8 rudi hapa tuongee, usisubiri mpaka zote 26.